Mnyama wa faraja katika nyumba isiyoruhusu wanyama Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapangaji wanaoishi Marekani na wanaosoma Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza cha mikataba. Maswali ni yale yanayorudiwa kwenye ofisi za apatimenti, kliniki na vikao vya jumuiya. Sheria inayozungumzwa hapa ni ya shirikisho. Majimbo huongeza yao juu yake. Haya ni maelezo ya jumla na hayachukui nafasi ya wakili. Kama tayari una notisi ya kuhama mkononi, anza na swali la 15.

## Mambo ya msingi

1. Mkataba wangu unasema wazi kwamba wanyama hawaruhusiwi, na niliusaini. Nitaombaje tena?

Fair Housing Act, sheria ya shirikisho ya usawa katika makazi, ilitiwa saini Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Mwanzoni ilikataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya taifa katika kuuza na kupangisha nyumba. Marekebisho ya 1988 yaliwaongeza watu wenye ulemavu na kumpa mwenye nyumba wajibu mpya: pale mwenye ulemavu anapohitaji kanuni ilegezwe ili aishi nyumbani kwake sawasawa na wengine, ailegeze, mradi ombi ni la busara. Mwenye mguu mbovu hupewa maegesho karibu na mlango hata kama maegesho hugawiwa kwa foleni. Kanuni ya wanyama huingia humo humo.

Kwa hiyo saini yako kwenye mkataba haikufungi mdomo. Unachoomba ni kanuni ilegezwe kwa sababu ya afya yako, na ndiyo maana karibu kila jibu hapa chini linamhusu mtu zaidi ya mnyama.

2. Mnyama wa faraja ni yupi hasa?

Ni mnyama ambaye kuwepo kwake kunapunguza dalili za ulemavu wa mtu: paka anayemtuliza mwenye ndoto za vita, mbwa anayemlazimisha mwenye sonona kuamka na kutoka nje. Hahitaji mafunzo, sare wala kitambulisho. Kwenye fomu za ofisi utaona herufi ESA, yaani emotional support animal. Ukiona herufi hizo, ndiye huyu.

3. Ni sawa na yule mbwa anayeingia dukani na mtu asiyeona?

Hapana, na kuwachanganya hawa wawili kumeleta ugomvi mwingi. Yule ni mbwa wa huduma, anayelindwa na sheria nyingine ya haki za walemavu, ADA ya 1990. Amefundishwa kazi maalumu inayohusiana na ulemavu wa mtu, kama kuongoza njia au kumwonya mwenye kifafa, na anaingia popote umma unapoingia.

Mnyama wa faraja ana haki hiyo nyumbani tu. Duka, mgahawa, basi na kanisa vinaweza kumzuia. Ndege pia: tangu Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki kumpokea kama mbwa wa huduma, na mengi humtoza nauli kama mnyama mwingine yeyote.

4. Mimi si mgonjwa wa akili. Silali tu, na nina mawazo mengi. Nahesabiwa?

Hapa ndipo watu wetu wanapokwama kuliko penginepo. Aliyekulia Uvira, Kigoma au Mombasa anajua mgonjwa wa akili kuwa ni yule anayetembea barabarani akiongea peke yake. Basi mtu anakaa miaka bila usingizi, fataki za Julai 4 zikilia anajifungia bafuni, basi likijaa anashuka na kutembea kwa miguu, na bado kliniki akiulizwa anajibu kwamba yuko salama, ashukuriwe Mungu. Siku ya ukaguzi wa nyumba anamficha paka kabatini. Akikamatwa, anaonekana mvunja mkataba tu, kwa sababu hakuna karatasi yoyote inayosema vingine.

Kipimo cha sheria ni hali ya mwili au ya akili inayopunguza kwa kiasi kikubwa shughuli kubwa ya maisha, mojawapo au zaidi. Kujihudumia, kujifunza na kufanya kazi ni shughuli za namna hiyo. Kulala na kuweza kuzingatia jambo huhesabiwa pia. Kiwewe cha vita, sonona na wasiwasi uliopitiliza vinaweza kufika kipimo hicho. Anayeamua kama vimefika ni mtaalamu anayekutibu, kwa hiyo mwambie ukweli wote, hata ule unaouonea haya.

Upande wa pili nao usemwe. Kumpenda paka hakutoshi. Upweke wa kawaida wa ugenini, au kumkumbuka mbwa aliyebaki nyumbani, si ulemavu. Mtaalamu mwaminifu atakwambia hivyo, na usimkasirikie.

5. Nimeomba hifadhi na kesi yangu haijaisha. Sheria hii inanihusu?

Fair Housing Act inamlinda mtu yeyote aliyeko Marekani. Haidai uraia wala green card. Barua ya mtaalamu inakwenda kwa mwenye nyumba, haitumwi idara ya uhamiaji, na hakuna daftari la serikali la kuwaandikisha wanyama wa faraja.

Hata hivyo, kumwandikia meneja ombi na kufungua malalamiko serikalini ni hatua mbili tofauti. Kama kesi yako ya uhamiaji bado iko mezani, ongea na wakili wako kabla ya hiyo ya pili.

6. Kuna nyumba ambazo sheria haizigusi?

Zipo, na baadhi ni zile zile ambazo wageni huanzia maisha. Jengo lenye familia nne au pungufu, ambalo mwenyewe anaishi humo, limesamehewa. Nyumba ya familia moja inayopangishwa na mwenyewe bila dalali pia imesamehewa, ikiwa hana zaidi ya tatu za namna hiyo. Makazi ya taasisi za dini na vilabu binafsi yana msamaha wake wenye mipaka.

Kwa maneno mengine, ukipanga chumba nyumbani kwa Mkenya mwenzako na yeye analala chumba cha pili, sheria ya shirikisho haimlazimishi kupokea paka wako. Zungumzeni. Baadhi ya majimbo yamebana misamaha hii, kwa hiyo uliza ofisi ya msaada wa sheria ya jimbo lako kabla ya kukata tamaa.

Jengo kubwa la kampuni, kondominiamu na nyumba za Section 8, zile ambazo serikali husaidia kodi, ziko ndani ya sheria. Nyumba zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa pia na sheria ya 1973 inayokataza kuwabagua walemavu katika miradi ya shirikisho.

## Barua ya mtaalamu

7. Nani anaweza kuniandikia?

Anayekujua na anayeweza kuthibitisha hali yako: daktari wako wa kawaida, daktari wa akili, mwanasaikolojia, muuguzi mwenye mamlaka ya kutibu, au mfanyakazi wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya ushauri. Si lazima awe bingwa. Kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato huwaandikia wagonjwa wao barua hizi, ingawa wapo madaktari wanaokataa kwa sababu hawana hakika, na hiyo ni haki yao.

Vipi mchungaji, imamu au yule mfanyakazi wa shirika lililokupokea? Tamko la pamoja la HUD, yaani wizara ya makazi, na wizara ya sheria la Mei 2004 lilikubali pia uthibitisho wa shirika lisilo la tiba, au mtu mwingine wa kuaminika aliye katika nafasi ya kujua ulemavu wa mtu. Kwa hiyo njia hiyo haijafungwa. Lakini mameneja wengi huitilia shaka, na barua ya kliniki itakufikisha upesi zaidi. Ya mchungaji iambatanishe nyuma.

Baadhi ya majimbo yanataka uhusiano wa muda. California, kuanzia Januari 2022, inamtaka mtaalamu awe amekuhudumia angalau siku 30 kabla ya kuandika barua ya mbwa wa faraja. Iowa na Montana nazo zina kanuni ya siku 30. Usingoje mpaka wiki ya kuhama.

8. Barua iseme nini, na isiseme nini?

Iwe kwenye karatasi yenye jina la kliniki, na iwe na tarehe, saini, namba ya leseni na jimbo iliyotoka. Iseme kwamba wewe ni mgonjwa wake, kwamba una ulemavu unaopunguza shughuli kubwa ya maisha, na kwamba mnyama huyu, paka au mbwa, anapunguza dalili za ulemavu huo au anakusaidia kuishi nao. Kiungo hicho cha mwisho kati ya mnyama na ulemavu ndicho kinachosahaulika mara nyingi, na ofisi hukamata hapo hapo.

Jina la ugonjwa halihitajiki. Dawa unazokunywa hazihitajiki. Yaliyokupata Kongo hayahitajiki kabisa. Ukurasa mmoja unatosha.

9. Kuna tovuti inauza cheti, kadi na fulana ya mbwa. Ninunue?

Usinunue. Kadi hiyo haina nguvu yoyote kisheria. Novemba 2019 Ben Carson, aliyekuwa waziri wa makazi, aliiandikia tume ya biashara ya shirikisho akiitaka ichunguze tovuti hizi. Januari 2020 HUD ikatoa mwongozo uliosema kwamba vyeti vinavyouzwa mtandaoni kwa yeyote anayejibu maswali machache na kulipa havitoshi kuthibitisha ulemavu.

Mwongozo huo huo ulikubali tiba ya mbali. Mtaalamu mwenye leseni anayekuhudumia kwa simu au video anaweza kukuandikia barua halali, mradi anakujua kwa kukutibu.

Kumbuka pia kwamba mwongozo si sheria. HUD huweza kuutoa, kuubadilisha au kuufuta uongozi unapobadilika, na huu wa 2020 iliufuta mwaka 2025. Ukiandika ombi, simama juu ya Fair Housing Act yenyewe.

Kudanganya nako kuna gharama. Florida, kwa mfano, tangu 2020 imefanya kuwa kosa la jinai kutumia nyaraka za uongo za mnyama wa faraja, na adhabu inajumuisha saa 30 za kazi za jamii kwenye shirika linalohudumia walemavu. Kwa mwenye kesi ya uhamiaji, kosa la jinai la aina yoyote ni jambo la kukimbiwa mbali.

10. Kiingereza changu kidogo. Nitamwelezaje daktari mambo haya?

Omba mkalimani wa Kiswahili unapopanga miadi, siyo ukishafika. Kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu, nazo ni karibu zote, zina wajibu wa kukupatia bure, ana kwa ana au kwa simu. Taja kama ni Kiswahili cha Kongo au cha Tanzania na Kenya, maana mkalimani wa Dar es Salaam na mgonjwa wa Fizi wanaweza kupotezana njiani.

Usimpeleke mtoto akutafsirie. Huwezi kumsimulia daktari kinachokuamsha saa nane za usiku kupitia kinywa cha binti yako wa miaka 11, na yeye hapaswi kukibeba.

## Kuomba na kujibiwa

11. Niombe lini? Kabla ya kusaini au baada?

Wakati wowote. Unaweza kuomba kabla ya kuwa na mnyama, baada ya kumpata, katikati ya mkataba, hata baada ya ofisi kuanza kukufuatilia. Ila ukingoja hadi ukamatwe, watashuku kwamba umetunga sababu.

Kuhusu nyumba mpya, sheria haikulazimishi kutaja mnyama kwenye maombi ya mwanzo. Wengine hungoja wakubaliwe ndipo watoe barua, wakiogopa jina lao kusukumwa chini ya foleni. Naelewa hofu hiyo. Lakini fomu ikikuuliza moja kwa moja kama una mnyama, usijibu uongo. Andika kwamba unaye mnyama wa faraja na ombi lako linafuata. Kilicho muhimu zaidi ni kupata jibu kabla ya kumwingiza ndani.

12. Ombi liandikweje?

Hata la mdomo ni ombi, lakini la mdomo hukanwa. Andika barua pepe au karatasi kwa Kiingereza, ukisaidiwa ikibidi, yenye tarehe, jina lako, namba ya nyumba na mambo matatu: kwamba una ulemavu, kwamba unaomba kanuni ya wanyama ilegezwe chini ya Fair Housing Act ili uishi na mnyama wa faraja, umtaje ni wa aina gani, na kwamba barua ya mtaalamu imeambatanishwa. Omba wakujibu kwa maandishi.

Ofisi ikikupa fomu yake, unaweza kuijaza, lakini hawawezi kukataa ombi kwa sababu tu hukutumia fomu yao. Kama umepeleka karatasi, piga picha ukiwa unaikabidhi, au ipeleke kwa posta yenye risiti. Karatasi hiyo ndiyo utakayoishika siku mambo yakiharibika.

13. Meneja anauliza ninaumwa nini. Nimjibu?

Si lazima. Ulemavu usipoonekana kwa macho, anaweza kudai uthibitisho kwamba upo na kwamba mnyama anahusiana nao. Anaishia hapo. Hawezi kudai faili lako la hospitali, jina la ugonjwa, au daktari aape mbele ya mwanasheria. Anaweza kuhakikisha kwamba barua imetoka kweli kwa aliyeiandika. Mwambie kwa upole kwamba yote anayohitaji yamo kwenye barua.

Shida ni kwamba sisi tumelelewa kumjibu mkubwa anapouliza. Meneja anauliza kama rafiki, unamweleza habari za kambi na za marehemu, na kesho yake jengo zima linajua.

14. Wamekubali, ila wanataka dipoziti ya mnyama na dola za ziada kila mwezi.

Kisheria mnyama wa faraja hahesabiwi kuwa mnyama wa kufugwa, kwa hiyo dipoziti ya mnyama, ada ya kumwingiza na kodi yake ya mwezi hazimhusu. Kama umeshalipa, omba zirudishwe kwa maandishi. Dipoziti ya kawaida ambayo kila mpangaji hulipa inabaki pale pale, na uharibifu utaulipa (swali la 17).

Hali ni hiyo hiyo kwa vizuizi vya uzito na aina. Ofisi haiwezi kumkataa mbwa kwa sababu tu ni pitbull au amezidi kilo fulani. Inaweza kumkataa mbwa huyo mmoja ikiwa ana rekodi ya kuuma, au kuna ushahidi mwingine kwamba ni tishio la kweli lisiloweza kupunguzwa. Wakisingizia bima, ni juu yao kuonyesha kwamba kampuni yao itaifuta au kuipandisha sana, na kwamba hawawezi kupata nyingine inayolingana.

15. Wamekataa, wamenyamaza, au wamenipa notisi ya kuhama. Nifanye nini?

Ukimya wa wiki nyingi unaweza kuhesabiwa kuwa kukataa. Mwongozo wa 2020 uliwashauri wenye nyumba kujibu, kwa kawaida, ndani ya siku 10 baada ya kupata nyaraka. Zikipita, andika tena, fupi, ukitaja tarehe ya ombi la kwanza. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingine sababu ni ndogo: barua haina tarehe, au haitaji mnyama. Rekebisha, rudisha.

Wakishikilia, una njia mbili. Ya kwanza ni malalamiko kwa HUD, ndani ya mwaka mmoja tangu kitendo kilipotokea. Hulipii na huhitaji wakili; namba ni 1-800-669-9777, na omba mkalimani mwanzoni mwa simu. HUD inaweza kuipeleka kesi kwenye wakala wa jimbo lako. Ya pili ni mahakama, ndani ya miaka miwili. Kukulipiza kisasi kwa sababu umedai haki hii ni kosa jingine kivyake, kwa hiyo wakikupandishia kodi wiki ya pili baada ya kulalamika, hifadhi karatasi hiyo pia.

Na hili lisomwe mara mbili: malalamiko ya HUD hayasimamishi yenyewe kesi ya kufukuzwa. Mahakama ya nyumba ina tarehe zake, na katika majimbo mengi ni siku chache. Usipotokea, mwenye nyumba anashinda bila kusikilizwa kwa upande wako, hata kama haki ilikuwa yako yote. Piga simu ofisi ya msaada wa sheria siku ile ile ya notisi, nenda mahakamani na nakala ya ombi na barua, na mwambie hakimu kwamba uliomba kanuni ilegezwe kwa sababu ya ulemavu.

## Kuishi naye

16. Jirani ana mzio wa paka. Mwingine ni Mwislamu na hataki mbwa ngazini. Watanishinda?

Malalamiko ya jirani peke yake hayafuti ruhusa yako. Mzio mkali unaweza kuwa ulemavu nao, na hapo ofisi inatakiwa kutafuta njia ya kuwatosheleza wote wawili, kama kumhamishia mmoja jengo jingine au kubadili mlango anaopita mnyama.

La jirani Mwislamu halina njia ya kisheria, lina njia ya ujirani. Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyevaa kanzu akielekea sala ya Ijumaa hataki kunuswa. Mfupishie mbwa kamba, ngoja ngazi iwe tupu, usimwache asimame mlangoni pa mtu. Sheria imekupa haki ya kukaa naye. Haijakupa haki ya kuwatia wengine tabu.

17. Paka amekwaruza zulia lote. Nani analipa?

Wewe. Msamaha wa dipoziti hauondoi dhima. Mwenye nyumba anaweza kukata kwenye dipoziti yako ya kawaida au kukudai, kama angekudai kwa dirisha lililovunjwa na mtoto. Piga picha nyumba nzima siku ya kuingia, maana makovu ya mpangaji aliyetangulia hupenda kuhamia kwa mgeni.

Chanjo ya kichaa cha mbwa na leseni ya mji, pale zinapotakiwa, ni wajibu wako. Karatasi zake ziwe mahali unapojua.

18. Nafanya zamu ya usiku kwenye bohari. Naweza kumwacha peke yake?

Unaweza, mradi habweki usiku kucha, hachafui korido na hateswi. Mbwa anayeliza jengo zima saa sita hadi asubuhi anaweza kukuondolea ruhusa, na hapo barua haikuokoi. Kwa mwenye zamu ndefu, paka ni chaguo la busara zaidi. Mtaalamu huandika kulingana na mnyama mnayekubaliana, kwa hiyo lifikirie hili kabla ya barua.

## Mambo ya pembeni

19. Kuku je? Au mbuzi mdogo?

Swali hili huchekesha mpaka umwone anayeuliza hacheki. Mzee aliyefuga maisha yake yote hutulizwa kweli na kuku. Lakini mwongozo wa 2020 uliwaweka upande mmoja wanyama wa kawaida wa nyumbani, yaani mbwa, paka, ndege wadogo, sungura, panya wa kufugwa, samaki na kobe, na wengineo. Kuku, mbuzi, nyani na mijusi wakawekwa upande wa pili, ambako muombaji alikuwa na mzigo mzito wa kueleza kwa nini mnyama huyo hasa na asiwe mwingine. Kwa apatimenti ya ghorofa ya tatu, jibu ni hapana.

20. Naweza kuwa na wawili?

Inawezekana, lakini kila mmoja aelezwe kivyake: yule anasaidia nini na huyu nini. Barua inayosema tu "wanyama wake" itarudishwa.

21. Mwenye tatizo ni mwanangu, siyo mimi.

Haki ni ya mtu yeyote mwenye ulemavu anayeishi humo, mtoto akiwemo. Barua iandikwe kwa jina lake na daktari wake, ombi ulilete wewe mzazi.

22. Binti yangu anakaa bweni la chuo. Sheria inafika huko?

Inafika. Mwaka 2013 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba makazi ya wanafunzi ya chuo cha University of Nebraska at Kearney ni makazi kwa maana ya Fair Housing Act. Mwanafunzi mmoja alikuwa amenyimwa kukaa na kijibwa chake kwenye nyumba za chuo. Kesi iliisha 2015 kwa chuo kukubali kulipa dola 140,000. Vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Aanzie hapo, na aanze miezi kabla ya muhula. Darasani na maktaba mnyama haingii (swali la 3).

23. Nataka kumleta mbwa wetu kutoka nyumbani. Barua itasaidia uwanja wa ndege?

Haitasaidia. Tangu Agosti 1, 2024 kila mbwa anayeingia Marekani lazima awe na umri wa miezi sita au zaidi, awe na chipu mwilini, na fomu ya CDC, idara ya shirikisho ya kuzuia magonjwa, iwe imejazwa. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya CDC ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Mbwa aliyechanjwa huko anahitaji pia hati za chanjo zilizothibitishwa, na lazima apitie uwanja wenye kituo cha wanyama kilichosajiliwa na CDC. Bila kipimo cha damu kutoka maabara inayotambuliwa, anawekwa karantini siku 28 kwa gharama yako. Piga hesabu zote kabla ya kuwaahidi watoto.

24. Nikihamia Kanada, au nikirudi Nairobi, barua yangu inaendelea?

Haki hii haivuki mpaka. Kanada kila jimbo lina sheria zake. Ontario, wanakoishi Waswahili wengi, sheria ya upangaji ya 2006 inabatilisha kifungu cha mkataba kinachokataza wanyama, ingawa kanuni za kondominiamu zinaweza kuwazuia na mnyama anayesumbua bado anaweza kukutoa. Nairobi na Dar es Salaam ni makubaliano yako na mwenye nyumba, basi ulizia suala la mnyama kabla ya kulipa kodi ya miezi ya mwanzo.